Sheria Iliyotungwa kwa Ajili ya Mtu Mmoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa tawi. Inachapwa hapa kwa maombi ya memba waliokuwa zamu siku hiyo.)



Katika karatasi mliyopewa mlangoni kuna mambo mawili. La kwanza linasema kwamba mwanakamati yeyote akipinga hadharani uamuzi wa kamati, kiti chake kihesabiwe kitupu, naye aende kuomba kura upya. La pili linasema kwamba wawakilishi wetu wa karakana na wa stesheni wasichaguliwe tena na wenzao, bali wateuliwe na mwenyekiti. Nimepewa robo saa kuyasemea. Jina la mtu halikuandikwa popote katika karatasi hiyo, lakini hakuna mtu humu ndani asiyelijua. Hata watoto wanaocheza nje ya nyumba zetu wanalijua.

Sikuja kumtetea mtu huyo. Mdomo anao, tena mrefu. Nimekuja kuwakumbusha habari za Bunge letu baina ya mwaka 1964 na mwaka 1969, kwa sababu karatasi kama hii ilikwisha kuletwa katika nchi hii, ikapita, na waliotia mkono waliona matunda yake.

Wazee wanawakumbuka Bwana Tom Mboya na Bwana Oginga Odinga. Wote wawili waliingia katika Baraza la kutunga sheria mwaka 1957, Mboya kwa kura za Nairobi, Odinga kwa kura za Nyanza ya Kati. Mboya alikuwa mtu wetu wa vyama vya wafanyakazi. Alianza katika chama cha wafanyakazi wa Halmashauri ya Mji wa Nairobi, kisha akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho letu la wakati huo. Odinga alikuwa mwalimu, kisha mtu wa biashara ya ushirika. KANU ilipoundwa mwaka 1960, Odinga akawa makamu wa mwenyekiti na Mboya akawa katibu mkuu. Basi wakakaa katika nyumba moja, kila mmoja na ufunguo wake. Mmoja alisemwa kwamba mkono wake uko Marekani, wa pili kwamba mkono wake uko nchi za Mashariki. Zilikuwako tofauti za kweli baina yao, juu ya ardhi na juu ya njia ya kujenga nchi, wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba yote yalikuwa wivu. Lakini wivu ulikuwako, na ndio uliokuwa na haraka zaidi.

Sasa tazameni jinsi vyeo vilivyogawanywa. Mwaka 1963 Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wizara yenye nguvu. Mnamo Desemba 1964, nchi ilipokuwa Jamhuri, akafanywa Makamu wa Rais. Watu wakapiga makofi. Lakini wizara ile ikatoka mkononi mwake, akapewa Bwana Daniel arap Moi, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa bado katika KADU, chama cha upinzani, kabla hakijavunjwa na kujiunga na KANU. Mtu akapandishwa ngazi, huku chini ngazi inaondolewa. Nasi tunaofanya kazi ya reli twajua kupandishwa cheo kwa namna hiyo: unapewa kofia mpya, na funguo za stoo anapewa mwingine.

Basi tangu hapo ilikuwa vigumu kwa Mbunge kusimama na kusema neno lake mwenyewe. Nchi ilikuwa na mambo makubwa. Mwaka 1964 wafanyakazi tulikubali mishahara isimame kwa mwaka mmoja bila migomo, ili makampuni yaongeze watu kwa asilimia 10 na Serikali kwa asilimia 15. Mwaka 1965 ikaja sheria ya magomvi ya kazi iliyobana haki ya kugoma. Lakini Mbunge akiuliza juu ya ardhi au juu ya kazi, watu hawakusikiliza swali, walitazama ameketi karibu na nani. Bwana Bildad Kaggia, aliyekuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi kabla ya siasa, aliondolewa katika cheo cha ukatibu wa wizara mwaka 1964 kwa sababu hakutaka kunyamaza juu ya ardhi ya maskini. Wenzake wakaona. Mwenye kutaka cheo akajua la kusema, na aliyekosa cheo akajua pa kwenda kulia. Hivyo ndivyo kura za Bunge zilivyogawanyika, kwa deni la cheo na kwa uchungu wa kukikosa.

Moto huo ukaingia na kwetu. Vyama vya wafanyakazi vikagawanyika, wengine upande wa Shirikisho la zamani lililofuata njia ya Mboya, wengine upande wa shirikisho jipya lililomtazama Odinga. Watu wakapigana huko Mombasa mwaka 1965 hata wengine wakafa. Ndipo Serikali ikafuta pande zote mbili na COTU ikaundwa mwaka huo. Hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu ya lile jambo la pili katika karatasi. Katika utaratibu huo mpya, wafanyakazi walipendekeza majina matatu kwa ukatibu mkuu, na Rais wa nchi akachagua moja. Sisi tuliokuwa tukigombana nani atatusemea, tukajikuta mwenye kuchagua msemaji wetu ni mtu mwingine kabisa.

Mwezi wa Machi 1966 KANU ilikutana Limuru. Ile nafasi ya makamu mmoja wa chama, ambayo ilikuwa ya Odinga, ikafutwa, na mahali pake pakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila jimbo na mmoja kwa Nairobi. Ukiisoma bila kujua watu, ni sheria nzuri: kila pembe ya nchi ipate mtu wake! Lakini iliandikwa ili mtu mmoja apoteze kiti. Na Kaggia alipochaguliwa kwa upande wa Jimbo la Kati, kura ikarudiwa, akashinda Bwana James Gichuru.

Mwezi wa Aprili Odinga akajiuzulu na kuongoza chama kipya, KPU. Wabunge wapata 30 wa Mabaraza yote mawili wakamfuata, na miongoni mwao alikuwamo Bwana Achieng Oneko, aliyekuwa Waziri. Basi Serikali ikaleta badiliko la Katiba: Mbunge aliyechaguliwa kwa chama kimoja, akikihama, kiti chake ni kitupu, na arudi kwa watu waliomchagua. Kanuni za Bunge zikawekwa kando ili lisingoje siku za kawaida. Likashika hata wale waliokwisha kuhama kabla halijaandikwa. Baadhi yao walipoona hivyo walitaka kurudi KANU, wakakuta mlango umefungwa.

Ndugu, nitasema jambo ambalo huenda rafiki za yule mwenzetu hawatalipenda. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Mtu akichaguliwa chini ya bendera moja kisha akaivaa nyingine, ni haki watu waulizwe tena. Imo hata katika Katiba yetu ya mwaka 2010. Ubaya ulikuwa katika haraka, na katika kurudi nyuma kumshika mtu kwa jambo ambalo siku alipolifanya halikuwa kosa.

Uchaguzi ukafanywa mwezi wa Juni kwa viti 29. KPU ikapata 9. Odinga akashinda Bondo, Kaggia akashindwa Kandara, Oneko akashindwa Nakuru. Wakati huo huo Bunge likapitisha uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi hata nchi ikiwa na amani. Na katika watu wa kwanza kuchukuliwa, mwezi wa Agosti 1966, walikuwamo viongozi wa wafanyakazi waliokuwa upande wa KPU, kama Bwana Ochola Mak'Anyengo wa chama cha wafanyakazi wa mafuta. Ugomvi ulianza kwa mawaziri, lakini kamba ilimfunga katibu wa chama cha wafanyakazi. Uwezo huo ulibaki hata miaka ya tisini, ukashika watu ambao mwaka 1966 walikuwa bado shuleni.

Mwajua kazi ya pointi. Ukiigeuza ili gari moja liingie njia ya pembeni, na usiirudishe, gari linalofuata nalo litaingia huko huko, liwe na abiria au mafuta, liwe la rafiki yako au la adui.

Gari lililofuata lilikuwa la Mboya mwenyewe. Mwaka 1966 ndiye aliyekuwa fundi wa Limuru, na alisimama mbele katika kumshinda Odinga. Odinga alipokwisha kutoka, wale waliosimama pamoja na Mboya hawakuwa na haja naye tena, maana hawakuwa wameunganishwa na kumpenda yeye, bali na kumwogopa mwingine. Mwaka 1968 ukaletwa mswada juu ya nani atashika nchi Rais akifa. Ndani yake kulikuwa na neno kwamba mgombea wa urais awe na miaka 40, wala si 35 kama zamani. Ukiisoma bila kujua watu, ni sheria ya busara: nchi itawaliwe na mtu mzima. Lakini Mboya alikuwa na miaka 37.

Safari hii Wabunge walikataa, na nawasifu kwa hilo. Mswada ukarudishwa, miaka ikabaki 35. Hata hivyo katika mabadiliko ya mwaka huo yakapita mengine ambayo watu hawakuyaangalia sana, maana macho yalikuwa juu ya umri wa mtu mmoja. Mgombea asiye na chama akafungiwa mlango, na mlango huo ukafunguliwa tena mwaka 2010. Na vile viti 12 ambavyo zamani Wabunge wenyewe walivijaza kwa kura, vikawa vya kuteuliwa na Rais. Ni lile lile jambo letu la pili.

Mboya alipigwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwezi wa Oktoba mwaka huo KPU ikapigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini. Wote wawili waliokuwa wakipigana wakawa hawamo Bungeni, na sheria zote zilizotokana na ugomvi huo zikabaki.

Katika shule ya misheni tulifundishwa habari ya Hamani, ambaye alikasirishwa na mtu mmoja aliyekataa kumwinamia, naye akaomba amri juu ya kabila zima. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni hadithi ya wafalme wa mbali.

Basi narudi katika karatasi. Juu ya jambo la pili, naomba tulikatae lote. Mwakilishi wa karakana anayesimama mbele ya fominimeneja awe ametoka katika mikono ya watu wa karakana hiyo, si katika mfuko wa mwenyekiti, hata mwenyekiti akiwa mwema kama huyu wetu. Mwenyekiti ajaye hatumjui.

Juu ya jambo la kwanza, naleta badiliko, na ndugu yetu wa upande wa ishara amekubali kuniunga mkono. Kanuni hii ianze kufanya kazi baada ya uchaguzi ujao wa tawi, si leo. Isimguse mtu kwa neno alilolisema kabla ya siku hiyo. Siku hiyo hatutajua ni nani atakayekuwa katika kamati, wala ni nani atakayekuwa mpinzani. Walioileta wakisema kwamba ni kanuni njema kwa tawi, haitawauma kungoja. Wakisema kwamba haiwezi kungoja, naomba wasimame hapa watueleze sababu, na watutajie jina.

Kura iwe ya karatasi, si ya kunyoosha mkono, maana kuna watu hapa wanaoishi nyumba jirani. Karatasi ziko kwa mweka hazina.