Kung'aa si Usafi

Ndugu msikilizaji, mwezi unapofika kona, sabuni huwa ya kwanza kufutwa kwenye orodha ya mahitaji. Unga unabaki, chumvi inabaki, sabuni inasubiri mshahara. Hapo mama wa nyumbani hugeukia vilivyomo jikoni, na kusema kweli hakosei.

Majivu ya kuni yana chumvichumvi ya jamii ya magadi. Yakikutana na mafuta ya sufuria huyalainisha yakatoka, na chembe zake husugua masizi. Vijijini Shinyanga, ambako mashina ya pamba huishia mekoni, elimu hiyo ni ya tangu enzi za bibi zetu. Ndimu au siki nayo hutoa ukoko mweupe ndani ya birika na kung'arisha sufuria ya alumini iliyofifia.

Lakini usichanganye ndimu na magadi ukidhani nguvu zitakuwa mbili. Povu utaliona, ila kila kimoja kinaua nguvu ya mwenzake. Na usithubutu kutia ndimu au siki kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Hapo inatoka gesi ya sumu inayochoma koo na mapafu.

Sasa twende jirani, Geita, ambako jikoni na machimboni hukutana. Katika machimbo madogo kama ya Nyarugusu na Rwamagasa, wachimbaji wametumia zebaki kwa miaka mingi kunasa dhahabu. Donge likichomwa, zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Anayelichoma kwenye jiko la mkaa nyumbani anawavutisha mvuke huo mke na watoto. Kisha karai lililochanganyia zebaki linasuguliwa kwa majivu na ndimu, linang'aa, na jioni linakandiwa unga!

Ndugu msikilizaji, kung'aa si usafi. Majivu hutoa mafuta, ndimu hutoa ukoko. Zebaki haiondolewi na chochote kati ya hivyo. Hata bila moto hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, unaodhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtoto aliye tumboni naye hasalimiki. Ikimwagika, ufagio huitawanya tu.

Mwaka 2013 mataifa yalikutana Japani na kupitisha Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017. Umepewa jina la mji ambao wakazi wake waliangamizwa na zebaki iliyoingia katika samaki wao. Miongoni mwa mambo unayotaka ni kukomesha uchomaji wa madonge hayo kwenye makazi ya watu.

Mkataba, hata hivyo, hauoshi karai. Kazi hiyo ni yetu. Chombo cha dhahabu kisiingie jikoni kamwe. Nguo za machimboni zisichanganywe na za watoto. Sabuni tunaweza kuikosa hadi mwisho wa mwezi, na majivu yakatusitiri. Sumu ikishaingia mwilini mwa mtoto, jikoni hamna cha kuisugulia.

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo.