Freemason: Pesa Huingia au Hutoka?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu mlioketi huko nyuma, mada niliyopewa leo ni Freemason. Naona wengine mshaanza kutazamana. Nitawavunja moyo kidogo, manake sitazungumza habari za majini wala damu. Nitazungumza habari za pesa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, msiniulize ni nani, alipata ujumbe kwenye simu: jiunge na Freemason upate gari, nyumba na mamilioni. Alitakiwa alipie fomu tu. Akalipa. Akaambiwa kuna ada ya pete. Akalipa. Ikaja ada ya kutuma hizo milioni zake. Kufikia hapo alikuwa ameuza cherehani ya mamake, na mamake ni fundi wa nguo, cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Kisha ile nambari ikazimwa. Sasa hata msikitini aona haya kuja, na polisi hataki kwenda. Atawaambia alikuwa akitafuta nini?

Lau angejua watu hawa huendeshaje mambo yao, asingetapeliwa.

Chama chenyewe kina asili yake Uingereza na Scotland, kwa waashi wa zamani, mafundi wa kujenga kwa mawe. Wao wenyewe husimulia kwamba mwaka wa 1717 loji nne za London ziliungana, wakakutana kwenye baa karibu na kanisa la St Paul's. Loji ni kikundi cha wanachama, na pia ni pale mahali wanapokutania. Kenya waliingia pamoja na wakoloni, na jumba lao la Nairobi liko Barabara ya Nyerere, kila mtu apita hapo.

Sasa sikilizeni. Mwanachama hulipa ada ya kuingia, kisha hulipa kila mwaka. Siku ya kuingizwa hutakiwa atamke kwamba hakuja kwa tamaa ya mali. Na siku hiyo hiyo huondolewa pesa zote na chochote cha madini alicho nacho, halafu huombwa atoe sadaka. Atatoa nini, na mifuko ni mitupu? Wamfundisha aikumbuke hali ya asiye na kitu. Haya si siri niliyoiba, yamechapishwa vitabuni miaka na miaka. Kwa hivyo ukiambiwa ati huko pesa zamwagika kwa anayeingia, jua unayezungumza naye si Freemason. Ni mwizi tu.

Na hizo pesa zaenda wapi? Mwaka wa 1788 daktari wa meno mmoja aliyetoka Italia, Bartholomew Ruspini, alianzisha shule mjini London kwa mabinti wa wanachama waliokufa au kufilisika. Mwaka wa 1798 wavulana nao wakaanzishiwa mfuko wao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walichangishana kwa shabaha ya pauni milioni moja, na mwenye kutoa pauni 10 na shilingi 10 alipewa nishani ya kuvaa kifuani. Milioni hiyo haikujenga hospitali. Ilikuwa ya jumba lao kuu la London, lililojengwa 1927 hadi 1933 kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani. Mimi naona nishani ile ilivuta mikono mingi kuliko huruma, lakini hayo ni maoni yangu.

Kuhusu Muislamu kujiunga, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lilishakataza mwaka wa 1978. Hapo sina la kuongeza.

Lakini kuna jambo lililonichoma katika habari za shule ile ya wasichana. Kwenye sherehe za kuchangisha, mayatima wale walipangwa safu wakapitishwa mbele ya wafadhili, waheshimiwa wameketi wawatazama. Ipo hata picha ya kuchorwa. Nilipoisoma habari hiyo nikaikumbuka futari moja niliyoalikwa hapa kwetu. Watoto walisimamishwa na pakiti za mchele mikononi, adhana ishatolewa, wangoja mpiga picha abadilishe betri. Mmoja alikuwa na tende mkononi, hajui aile au asile.

Basi tumekubaliana na wenzangu katika kamati. Cherehani ya yule mama tutainunua sisi. Sanduku liko pale mlangoni karibu na viatu, halina daftari la majina. Ikipatikana atapelekewa usiku baada ya tarawehe, na kina mama wawili, bila kamera. Na yule kijana, anayemjua amwambie Jumamosi tuna darsa, aje akae nasi kama zamani.