Hotuba ya Mahafali ya Wakunga: Ridhaa ya Mjamzito Katika Utafiti

Utafiti wa kufuatilia wajawazito huandikisha akina mama mimba zikiwa bado changa, huwapima kila hudhurio la kliniki, kisha huwafuata na watoto wao kwa miezi au miaka. Muheza, mkoani Tanga, utafiti unaokaribiana na huo, ulioanza 2002, ulichunguza malaria kwa mama na mtoto, ukitumia pia damu ya kitovu na ya kondo la nyuma.

Tanzania hairuhusu utafiti wa afya kuanza bila kibali cha maadili. Kamati ya kitaifa inayokitoa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Lakini kibali cha kamati hakimsemei mama. Anayekubali au kukataa ni yeye, na hapo ndipo wahitimu wa leo wanapoingia.

Katika kata kama Mbebe, wilayani Ileje, mkunga anayepima tumbo na kujaza kadi anaweza kuwa ndiye huyo huyo anayekabidhiwa fomu ya ridhaa. Mama aliyelala kitandani, mbele ya mtu anayemtegemea siku ya kujifungua, atasema hapana kwa ujasiri gani? Ndiyo maana maelezo hutolewa baada ya kipimo, mama akiwa ameketi na kuvaa vizuri, kwa Kindali au Kilambya kama Kiswahili cha fomu ni kizito. Huambiwa waziwazi kwamba akikataa, vidonge vya kuongeza damu na chandarua atapata vilevile. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtafiti. Mume na mama mkwe wanaweza kushauriwa, ila miongozo ya 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, inakataza ruhusa ya mtu mwingine kuchukua nafasi ya ridhaa ya mjamzito.

Kondo la nyuma lina ombi lake. Familia nyingi hulizika kwa heshima, na mama aliyekubali kutolewa damu mkononi hajakubali kipande cha kondo kiende maabara. Ombi hilo hufanywa kliniki, wiki kadhaa kabla; uchungu ukishashika, muda wa kuomba umepita.

Mimba ikiharibika, au mtoto akifariki, mama huulizwa kwanza kama bado anataka kutembelewa, na akitaka kujitoa hadaiwi sababu. Mtoto anayekua ndani ya utafiti naye huelezwa kadiri akili yake inavyopanuka, na akifika miaka 18 huombwa ridhaa yake mwenyewe.