Jina la Uwanja Linapouzwa: Udhamini na Viwanja vya Mbio za Magari



Katika suala zima la udhamini wa mbio za magari, nimechagua kipande kimoja ambacho vikao vingi hukipitisha mwishoni, wajumbe wakiwa wamekwisha kuchoka: jina la uwanja.

Uwanja wa Charlotte, North Carolina, ulifunguliwa mwaka 1960. Mwaka 1999 ukawa wa kwanza katika NASCAR, mbio za magari za Marekani, kuuza jina lake. Lowe's, wauzaji wa vifaa vya ujenzi, waliahidi dola milioni 35 kwa miaka 10, na neno Charlotte likatoweka. Ukaitwa Lowe's Motor Speedway. Mkataba ulipokwisha haukuhuishwa, na mwaka 2010 jina la zamani likarudi. Charlotte walibahatika, kwa kuwa jina lao lilikuwa la mji mkubwa, na mji hausahauliki.

Sears Point hawakubahatika. Uwanja huo wa California, kaskazini mwa San Francisco, ulianza mwaka 1968 ukibeba jina la mahali pake. Mwaka 2002 ukaitwa Infineon Raceway, kwa heshima ya fedha za kampuni ya Ujerumani inayotengeneza chipu za elektroniki. Mwaka 2012 mkataba ukaisha, na wengi wangetarajia Sears Point irudi. Haikurudi. Wenye uwanja, ndio haohao wa Charlotte, wakauita Sonoma Raceway, kwa jina la bonde linalosifika kwa mvinyo. Kibiashara naelewa. Lakini tazameni kilichotokea: miaka 10 ya udhamini ilitosha kuliacha jina la zamani bila mtetezi.

Sasa twende Laguna Seca, palepale California. Kwa Kihispania maana yake ni ziwa lililokauka. Uwanja ni mali ya kaunti ya Monterey, na jina lake limeuzwa mara mbili: kwa Mazda mwaka 2001, kisha mwaka 2018 kwa WeatherTech, watengenezaji wa mikeka ya magari. Mara zote mbili jina la kampuni lilitangulia na Laguna Seca likabaki nyuma yake, zima. Kuna kona pale iitwayo Corkscrew. Dereva hupanda mlima haoni mbele ila anga; ghafla gari linakata kushoto, halafu kulia, huku likidondoka kiasi cha mita 18, kimo cha jengo la ghorofa tano. Mashabiki hulikumbuka Laguna Seca kwa kona hiyo. Mdhamini naye hulipa ili asimame jirani na kumbukumbu hiyo. Akilifuta jina la mahali, amefuta kitu alichokinunua.

Spielberg, Austria, ni habari nyingine kidogo, kwani Red Bull wanaumiliki uwanja wenyewe. Hata hivyo, kona ya kwanza, iliyokuwa na jina la mdhamini, ilipewa jina la dereva Niki Lauda mwaka 2019, baada ya kifo chake. Nawapongeza kwa hilo.

Kwetu Kenya utajiri huu wa majina ya mahali umo katika Safari Rally. Mikondo yake, yaani vipande vya njia vinavyoshindaniwa, huitwa Kedong, Soysambu, Elmenteita, Malewa. Ukitaja Loldia ya mwaka 2021, shabiki anaiona Jumapili ile dereva Thierry Neuville alipoharibikiwa na gari akiwa anaongoza. Ukitaja Kedong, anaona vumbi laini la volkano linalolimeza gurudumu. Kumbukumbu hizo zimeshikana na ardhi, na ndiyo maana hata kampuni ya simu ya Safaricom walipoweka jina lao kwenye uwanja wa michezo wa Nairobi, neno Kasarani lilibaki ubavuni mwake.

Sipingi kuuza. Uwanja una gharama, na lami haijitengenezi. Ninachoomba ni vifungu vilivyo wazi. Jina la mahali libaki ndani ya jina rasmi, kwenye tiketi, mabango na matangazo ya redio. Siku mkataba unapokwisha, jina la awali lirudi lenyewe, bila kusubiri kikao, na mdhamini agharimie kushusha mabango yake. Kubadili jina la awali kuwe jambo la kuamuliwa hadharani, na wakazi wa eneo wakiwamo. Majina ya mikondo, kona na miteremko yasiletwe kabisa kwenye meza ya mazungumzo.