Jirani Anayetisha
Anayedhani sera ya nje ya China iliongozwa na itikadi aitazame Machi 1969. Kwenye kisiwa cha Zhenbao, juu ya barafu ya Mto Ussuri, askari wa China na wa Kisovieti walimiminiana risasi, miaka 19 tu baada ya mkataba wao wa urafiki. Februari 1972 Mao, aliyewaita mabeberu wa Marekani chui wa karatasi, akampokea rais wao, Nixon, nyumbani kwake. Na mwaka 1979 jeshi la China likavuka mpaka kuishambulia Vietnam, nchi nyingine ya kikomunisti, iliyokuwa imeegemea Moscow. Hesabu ni ileile: jirani gani anatisha, na nani atasaidia kumzuia.

Atauliza mtu: na TAZARA je, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China, nchi iliyokuwa maskini? Moyo wa ukombozi ulikuwepo, sikatai. Lakini China iliyokosana na Moscow na Washington kwa wakati mmoja ilihitaji marafiki. Ujenzi ulianza 1970. Oktoba 1971 China ikapata kiti chake Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, zikiwemo nyingi za nchi za Afrika.