Ngoma Zilizobaki Kijijini

 

Leo tuzungumze juu ya ngoma. Najua kuna mmoja anayesema: watoto hawajala, turubai linavuja, na huyu wa redio anatuletea habari ya ngoma! Ana haki ya kusema. Lakini sikuja kuomba chakula kigeuzwe ngoma. Fedha za chakula zina mifuko yake, na za utamaduni zina mifuko yake. Ukiikataa hii ya pili, ile ya kwanza haiongezeki hata kikombe kimoja cha unga.

Kumbukeni mwisho wa 2017, vita viliporudi Djugu. Watu walikimbia na sufuria, na mtoto mgongoni. Nani alibeba ngoma? Ngoma kubwa haibebwi usiku. Zilibaki, nyingine zikaungua pamoja na nyumba. Na mavazi ya wachezaji, na likembe, na njuga, na madaftari ya nyimbo za kwaya. Yule aliyelipwa kwa kupiga ngoma arusini leo anabeba matofali mjini. Hiyo nayo ni kazi iliyopotea, sawa na shamba.

Basi fedha ziko wapi? UNESCO ina mfuko wa kimataifa uliotokana na mkataba wa 2005 juu ya utamaduni wa namna mbalimbali, na nchi yetu imeuridhia. Mradi mmoja unaweza kupata hadi dola 100,000. Msifurahi upesi: nchi nyingi zinaushindania, na kikundi cha kambini peke yake hakitaufikia. Kwa urithi ulioharibiwa na vita kuna Cultural Emergency Response ya Uholanzi, iliyoanza 2003. Msaada wake ni mdogo, lakini huja haraka. Ule Mfuko wa Wahanga wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mliousikia kwa kesi ya Thomas Lubanga, ni wa wahanga, si wa vikundi vya sanaa. Mtu akiwauzia fomu zake, mkatae.

Wafadhili huuliza karatasi, zile zinazodaiwa na sheria ya 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida. Hamna? Tafuteni shirika, parokia au shule iliyo nazo pamoja na hesabu ya benki, muandikiane mbele ya mashahidi: fedha zitapita kwenu, lakini ni zetu, nanyi mtabaki na kiasi hiki, basi.

Nalijua kundi moja, jina lake naliacha. Wachezaji walitoka katika makabila mawili. Kuwakutanisha kulichukua karibu mwaka. Fedha zikaja kwa simu ya mwenyekiti. Badala ya ngoma sita zikanunuliwa tatu, na risiti hazikuonekana. Hakuna aliyesema "mwenyekiti ameiba". Walisema "watu wa kabila lake wameiba". Kwa juma moja kundi likavunjika, na zile ngoma tatu zikabaki chini ya kitanda cha mtu.

Ndiyo sababu nasema nanyi mashefu. Kabla fedha hazijafika, bei za vitu zibandikwe mahali pa wazi: mti, ngozi, fundi, sanduku la kufuli, chakula cha siku za mazoezi, malipo ya wachezaji. Naam, malipo, mchezaji naye ana watoto. Watu watatu watie sahihi, wasiwe wa kabila moja, na angalau mmoja awe mama. Nawe shefu, usiombe matabishi kwa sababu wanachezea uwanjani kwako.

Jambo jingine ni zito zaidi. Ziko nyimbo za kumtukana jirani na za kumsifu mwenye panga. Tunazijua, wengine tuliziimba. Kundi liamue lenyewe, kabla ya kuandika maombi, ni zipi hazitarudi uwanjani. Mfadhili akiwaamulia, mtazificha tu.

Kwa leo nakomea hapa. Juma lijalo tutaandika pamoja hesabu ya mradi, mstari kwa mstari. Muwe na daftari na kalamu karibu na redio. Kwaherini.