Darasa la Awali na Watoto wa Sokoni

(Mazungumzo mbele ya kamati za parokia za katikati ya Jiji, Dar es Salaam)

Nimeombwa nijibu swali ambalo limeleta mvutano katika kamati zetu: je, tuendelee na chekechea zetu za kulipia, au tuziache kwa kuwa serikali inatoa elimu ya awali bila ada?

Nianze na mtoto mmoja niliyemfundisha. Mama yake alikuwa akiuza ndimu na tangawizi karibu na Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo. Mtoto alikuwa na miaka 5, na ukimpa noti ya shilingi 500 alikurudishia chenji bila kukosea. Siku nilipoandika 7 ubaoni akaniuliza, "Mwalimu, hiyo nini?" Hesabu alikuwa nayo, alama yake ndiyo hakuwahi kuonyeshwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa watoto wa sokoni huja shuleni watupu, huwa nambishia.

Zamani sisi tuliziita shule za vidudu, na zilikuwa za wenye uwezo au za mashirika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, watoto wa awali nchini waliongezeka kutoka takriban milioni moja hadi zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka mmoja tu. Mama lishe aliyekuwa akimlaza mwanawe chini ya meza ya biashara aliweza kumwandikisha kama mtu mwingine yeyote. Jambo hilo ni jema, na asiwepo wa kulibeza.

Walimu, hata hivyo, hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, peke yangu. Katika hali hiyo kinachowezekana ni kuimba a, e, i, o, u kwa pamoja. Anayekaa nyuma huimba vizuri kuliko wote, na mgeni akipita dirishani husifu darasa. Mwite huyo mtoto mbele, mwonyeshe herufi moja moja, utaona anakutazama usoni. Wiki nzima inaweza kupita hajasema sentensi moja akiwa peke yake akasikilizwa. Sasa utayari wa kuanza darasa la kwanza hujengwa papo hapo: kusikilizwa, kungoja zamu, kushika penseli mtu akikurekebisha vidole, kutambua kwamba "baba" na "bata" yanaanza kwa sauti moja.

Haya hayako kwetu tu. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, watafiti walifuatilia watoto karibu 3,000 ambao familia zao ziliomba nafasi katika madarasa ya awali yanayolipiwa na serikali ya jimbo. Waliopata nafasi walianza shule wakiwa mbele ya wenzao. Baadaye faida hiyo ilitoweka, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kufikia darasa la sita walikuwa nyuma ya wale waliokosa nafasi. Karibu na kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma chekechea waliwazidi waliobaki nyumbani, na waliolelewa katika chekechea za jamii za Mpango wa Madrasa, kwa michezo na vifaa vya kutengenezwa kwa mikono, waliwazidi wote. Mimi nasoma hapo kwamba kuandikishwa ni hatua ya kwanza tu. Kinachofanyika chumbani ndicho kinachoamua.

Basi, jibu langu kwa kamati. Parokia iliyo jirani na shule ya serikali isishindane nayo. Ada zetu, hata tukiziita ndogo, zinamwacha nje mtoto yule wa ndimu. Tutoe ukumbi ili darasa moja ligawanywe mawili, tulipe posho ya walimu wasaidizi, na tupike uji. Tena ukumbi ubaki wazi mchana, kwa sababu darasa la awali hutoka mapema na soko halifungwi mpaka jioni.

Wafadhili wetu mtanisamehe: najua jengo huwekwa kibao chenye jina, na posho ya msaidizi haina mahali pa kuweka kibao.

Mzee mmoja wa kamati ameniambia kuwa kuajiri walimu ni kazi ya serikali. Ni kweli kabisa, na barua ya kuwaomba walimu halmashauri tuiandike wiki hii hii. Lakini mtoto wa miaka 5 hakai miaka 5 akingoja majibu ya barua. Uandikishaji ukikamilika Januari darasa litajaa tena. Naomba kabla ya hapo mhasibu atupatie hesabu ya posho za wasaidizi wawili kwa mwaka mzima, na sukari ya uji.